Makaa, mafuta, upepo au nyaya: kampuni ipi ya nishati ina miguu imara kifedha wakati huu wa kuhama?

Aprili 2016, ndani ya siku 8 tu, kampuni mbili kubwa za nishati kutoka eneo moja, St. Louis na pembezoni mwake kule Missouri, Marekani, ziliingia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wao. Tarehe 13 ilikuwa Peabody, kampuni kubwa ya makaa ya mawe kuliko zote Marekani, ina madeni ya kama dola bilioni 10.1. Tarehe 21 ikafuata SunEdison, hawa ni wa sola na upepo, walikuwa wanasifiwa kila kona kwamba ndo kesho ya umeme, na wenyewe walikuwa wanadaiwa dola bilioni 16.1. Mmoja wa moshi, mwingine wa jua, wote chali mwezi mmoja.

Naanza na hiyo stori kwa sababu watu wengi wanaotaka kujua waweke wapi hela yao, iwe hisa, iwe hati fungani (yaani unaikopesha kampuni), iwe mfuko wa pensheni unaokuambia uchague kapu lako mwenyewe, wanakuja na swali moja tu: hii kampuni ni ya kijani au ni ya zamani? Kuna kambi inakwambia kampuni za mafuta na makaa zitabaki na mali zilizokwama, visima na migodi ambayo hakuna atakayeitaka, kwa hiyo kimbia. Kambi ya pili inakwambia upepo na sola ni hasara tupu, zinaishi kwa ruzuku, kwa hiyo kaa na mafuta. Mimi nimesoma ripoti za mwaka za hizi kampuni kwa muda mrefu sasa na naona kambi zote mbili zinaangalia rangi ya ukuta wakati nyufa ziko kwenye msingi. Peabody na SunEdison ziliangushwa na kitu kile kile, walikopa sana kununua vitu wakati bei iko juu, wakiamini kesho itafanana na jana. Peabody mwaka 2011 ilinunua Macarthur Coal ya Australia kwa mabilioni ya dola, bei ya makaa ya kuyeyushia chuma ikiwa karibu na kilele. SunEdison ilinunua kampuni ya upepo ya First Wind, halafu ikataka kuimeza na Vivint Solar ya sola za mapaa, dili ambalo lilikufa Machi 2016, mwezi mmoja tu kabla na yenyewe haijaanguka.

Kwa hiyo hapa nalinganisha makundi manne, makaa, mafuta na gesi, upepo na sola, na wenye nyaya za kusafirisha umeme, na kwenye kila moja nauliza maswali yale yale: inadaiwa kiasi gani na lini inatakiwa kulipa, bei anayouzia inapangwa na nani, na mambo yakiharibika inaweza kupunguza matumizi haraka au imeshafungwa mikono.

Makaa ya mawe: keshi leo, mkopeshaji hayupo

Hapa picha ya jumla inajulikana. Marekani makaa yalikuwa yanatoa karibu nusu ya umeme wote mwaka 2007, kufika 2023 yalikuwa kama asilimia 16. Na kilichoyasukuma chini kwanza ni gesi rahisi iliyotokana na kupasua miamba, sheria za mazingira na sola zikaongezea uzito juu yake. Ulaya ni tofauti kidogo, huko kuna bei ya hewa ukaa, kila tani ya moshi unainunulia kibali, na hicho kibali mwaka 2017 kilikuwa chini ya euro 10 kwa sehemu kubwa ya mwaka, Februari 2023 kikavuka euro 100. Mtambo uliokuwa na faida unageuka mzigo bila mtu kuugusa.

Sasa usishangae ukiambiwa Peabody ile ile ilitoka mahakamani Aprili 2017, na mwaka 2022 bei ya makaa ilipopaa baada ya vita vya Ukraine ikapata faida ya kama dola bilioni 1.3. Ndo ukweli wa biashara inayofifia, haishuki kwa mstari ulionyooka, inaruka ruka. Ukiangalia mwaka mmoja mzuri utadhani imepona.

Lakini kuna mambo mawili kwenye kundi hili yananifanya nisimshauri mtu anayetafuta usalama akae humo. La kwanza ni kwamba benki na bima nyingi zimeshajitoa au zinapunguza, kwa hiyo kampuni inabidi iishi kwa keshi yake yenyewe, na ikipata miaka miwili mibaya mfululizo hakuna wa kumpigia simu. La pili ni mashimo. Mgodi ukifungwa lazima ufukiwe, udongo urudi, maji yasafishwe, na hiyo gharama ipo kwenye vitabu hata kama leo haijalipwa. Peabody ilipofilisika ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 1 ya gharama za kufukia ambazo dhamana yake ilikuwa ni ahadi ya kampuni yenyewe, yaani anayedaiwa ndo huyo huyo mdhamini. Kwa mkopeshaji hiyo si dhamana hata kidogo.

Alafu kuna Patriot Coal, hii inaniuma mpaka leo. Peabody iliikata mwaka 2007 ikawa kampuni inayojitegemea, ikaondoka na baadhi ya migodi pamoja na mzigo mkubwa wa matibabu ya wachimbaji wastaafu. Julai 2012 Patriot ikafilisika, ikarudi, Mei 2015 ikafilisika tena. Wengi wa wale wastaafu walikuwa wamefanya kazi Peabody, wengine hata siku moja hawakuwahi kuajiriwa na hiyo Patriot, wakaambiwa haki zao ziko huko. Ilibidi chama chao cha wachimbaji kipigane ndo mwaka 2013 Peabody ikakubali kuchangia dola milioni 310. Kwa hiyo ukisikia kampuni inajigawa, upande safi huku na upande mchafu kule, usiishie kuuliza upande safi una thamani gani. Uliza madeni yameenda wapi na nani yuko nyuma yake.

Mafuta na gesi: aliyebaki na aliyeyumba

Hapa ulinganisho mzuri ni ExxonMobil na BP kwa sababu walichukua njia mbili tofauti karibu wakati mmoja, na wote walianzia kwenye shimo moja la 2020.

Mwaka huo Exxon ilipata hasara ya dola bilioni 22.4. Madeni yakafika karibu dola bilioni 68. Agosti iliondolewa kwenye Dow, ile orodha ya hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, ambayo ilikuwemo miaka mingi, na Oktoba kampuni ya umeme ya NextEra ya Florida iliipita kwa muda thamani sokoni. Watu waliihesabu kama maiti. Mei 2021 mfuko mdogo wa uwekezaji wa Engine No. 1 wenye kama asilimia 0.02 tu ya hisa uliweza kuingiza wakurugenzi watatu kwenye bodi, wakisema kampuni haina mpango kwa dunia ya hewa ukaa kidogo.

Miaka miwili baada ya hasara ile, 2022, faida dola bilioni 55.7. Kilichotokea katikati ni vita na bei, sawa, ila kuna kitu cha kifedha hapo ambacho napenda mtu akielewe vizuri. Aprili 2020 Exxon ilishusha bajeti ya uwekezaji wa mwaka huo kutoka dola bilioni 33 mpaka 23, asilimia 30 kwa mkupuo. Kisima cha kupasua miamba kinatoa mafuta mengi mwanzoni alafu kinapungua haraka, kwa hiyo unachimba kila mara, na mambo yakiwa mabaya unaacha kuchimba, hela inabaki mfukoni. Huo uwezo wa kufunga bomba la matumizi ndo uliowaokoa. Na ilipokuja kununua Pioneer kwa takriban dola bilioni 60, dili lililokamilika Mei 2024, ililipa kwa hisa zake yenyewe. Haikukopa. Linganisha na Peabody ya 2011 uone.

BP ilienda upande mwingine. Agosti 2020 ilikata gawio nusu, kutoka senti 10.5 mpaka 5.25 kwa hisa, ikatangaza kwamba ifikapo 2030 itapunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40. Mwezi uliofuata ikakubali kulipa Equinor ya Norwei dola bilioni 1.1 kwa nusu ya miradi ya upepo baharini upande wa New York. Februari 2023 lile lengo la 40 likashushwa mpaka 25. Mwishoni mwa 2023 ikafuta dola milioni 540 za thamani ya ile miradi ya New York. Februari 2025 ikageuka kabisa, uwekezaji kwenye mafuta na gesi ukapandishwa mpaka kama dola bilioni 10 kwa mwaka na ule wa nishati safi ukakatwa kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka.

Mimi sioni kosa la BP kuwa ni kuingia kwenye upepo. Kosa naliona kwenye kugeuka geuka. Iliingia kwenye nishati ya kesho ikiwa na madeni ya jana (usisahau ajali ya kisima cha Ghuba ya Meksiko 2010 imewagharimu zaidi ya dola bilioni 65), ikanunua miradi soko likiwa la moto, ikataka kuondoka soko likiwa baridi. Kila kona ukikata unapoteza kitu. Mwenye hisa aliyekaa hapo kwa ajili ya gawio alikatwa gawio, na aliyekuja kwa ajili ya kuhama aliambiwa hatuhami tena.

Kwa hiyo kati ya hawa wawili, kwa uimara wa kifedha peke yake na kwa miaka kama mitano hivi ijayo, Exxon ana miguu mizito zaidi. Kwa miaka 20 sisemi hivyo hivyo, kwa sababu uwezo wa kuacha kuchimba unasaidia bei ikishuka kwa mwaka au miwili, ila hausaidii kama watu hawarudi tena kununua, na huko ndiko magari ya umeme yanakoelekea kuvuta. Na hata huyo imara mwenyewe anayumba vibaya, kutoka hasara ya 22 mpaka faida ya 55 ndani ya miaka miwili sio kitu cha mtu anayehitaji hela yake tarehe fulani.

Upepo na sola: hesabu inayoamuliwa siku ya kwanza

Hapa nakaa kidogo maana ndo watu wanapokosea zaidi.

Mtambo wa upepo hauna mafuta ya kununua. Karibu gharama yote inalipwa mwanzoni, chuma, nyaya, meli za kujengea, na sehemu kubwa ya hiyo hela ni mkopo. Kwa hiyo bidhaa muhimu kuliko zote kwa kampuni ya upepo ni riba. Chukua mfano wa namba rahisi. Mradi wa dola bilioni 1, umekopa milioni 700, unarudisha mkopo kwa miaka 20, yaani milioni 35 kila mwaka. Mkataba wa kuuza umeme unakupa milioni 90 kwa mwaka, bei haibadiliki. Matunzo yanakula milioni 30, unabaki na 60. Riba ikiwa asilimia 2, mwaka wa kwanza unalipa milioni 14, ukitoa na ile 35 unabaki na milioni 11 za wenye mtaji. Sio nyingi ila mambo yanaenda. Sasa riba iwe asilimia 6, unalipa milioni 42, kwenye ile 60 inabaki 18, na unatakiwa kurudisha 35. Umeshakwama kwa milioni 17 kabla upepo haujavuma. Umeme ni ule ule, mitambo ile ile, wahandisi wale wale.

Na hicho ndo kilichotokea kweli. Benki kuu ya Marekani ilikuwa na riba karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022, Julai 2023 ilikuwa 5.25 mpaka 5.50. Waliosaini mikataba ya bei isiyobadilika kabla ya hapo, huku mikopo na mitambo hawajaifunga bei, walijikuta katikati ya mlango na kizingiti.

Mfano mkubwa ni Ørsted ya Denmark. Zamani ilikuwa ikiitwa DONG, jina ambalo ni kifupi cha mafuta na gesi asilia ya Denmark, ilikuwa inachoma makaa mengi tu. Iliingia soko la hisa Juni 2016 kwa krona (hela ya Denmark) 235 kwa hisa, mwaka 2017 ikauza mafuta na gesi yake kwa Ineos na kubadili jina, ikawa kampuni kubwa kuliko zote duniani ya upepo wa baharini. Januari 2021 hisa ilivuka krona 1,300. Kila aliyetaka kuonyesha kwamba kuhama kunalipa alikuwa anaionyesha Ørsted, na hata mimi nilikuwa naiamini.

Novemba 2023 ikaachana na miradi miwili ya New Jersey, Ocean Wind 1 na 2, na kufuta thamani ya krona bilioni 28.4 kwenye vitabu. Hisa ikapoteza kama robo kwa siku moja. Februari 2024 ikasimamisha gawio. Agosti 2025 ikaomba wenye hisa waongeze mtaji wa krona bilioni 60, na hisa mpya zikauzwa krona 66.60. Irudie hiyo namba ukiiweka kando ya 235 na 1,300.

Ukiuliza kwa nini ilihitaji hizo bilioni 60, jibu liko kwenye namna ilivyokuwa inazungusha hela. Ørsted ilikuwa inajenga mradi, halafu inauza nusu kwa mifuko ya pensheni na wawekezaji wengine, hela inayopatikana inajenga mradi unaofuata. Mfumo mzuri sana ilimradi mnunuzi yupo. Siasa za Marekani zilipogeuka, mnunuzi wa sehemu ya mradi wa Sunrise Wind hakupatikana, na gurudumu likasimama. Ndani ya wiki mbili baada ya kutangaza kuomba mtaji, serikali ya Marekani ikaamuru kazi isimame kwenye mradi wao mwingine, Revolution Wind, ambao ulikuwa umefika kama asilimia 80. Mahakama iliruhusu kazi iendelee mwezi uliofuata, lakini meli za kujengea hazikusubirii bure.

Sasa weka kando yake Avangrid, kampuni ya Marekani iliyo chini ya Iberdrola ya Uhispania. Na yenyewe ilisaini mkataba wa upepo baharini, mradi unaitwa Commonwealth Wind huko Massachusetts, na yenyewe ikaona hesabu haitoki. Ikalipa dola milioni 48 kuvunja mkataba, 2023, ikaondoka. Watu waliwazomea. Lakini milioni 48 ni kama tone ukilinganisha na krona bilioni 28, na tofauti kubwa ni kwamba Avangrid iliondoka kabla haijafunga mikono kwa wasambazaji. Bahari ile ile ya mashariki ya Marekani, riba ile ile, mwaka ule ule. Kwa mtu anayechagua kampuni ya upepo hili ndo somo ninalolithamini kuliko yote, angalia kama wakuu wake wamewahi kuacha mradi mapema na kukubali aibu ndogo. Asiyewahi kuacha mradi hata mmoja ananitia wasiwasi zaidi kuliko aliyeacha miwili.

Nyaya: kazi isiyosifiwa

E.ON na RWE ni kampuni mbili kubwa za umeme za Ujerumani, zote zina makao makuu Essen, zote zilipigwa vibaya na sera ya nchi yao ya kuhamia nishati safi. RWE kwa mwaka 2015 ilisimamisha gawio la hisa za kawaida, na halmashauri za miji zilizokuwa zinategemea hilo gawio kwenye bajeti zao zikaachwa kwenye mataa. Machi 2018 wakakaa chini wakakubaliana kubadilishana, na ni makubaliano ambayo kila anayelinganisha kampuni za nishati angefaa ayasome: RWE ikachukua mitambo ya kuzalisha, upepo na sola za wote wawili, E.ON ikachukua nyaya na wateja.

Tangu hapo RWE imekuwa na miaka mizuri sana na miaka ya kujikunja, kwa mfano Machi 2025 ilikata mpango wa uwekezaji mpaka 2030 kwa euro bilioni 10, ukabaki bilioni 35, na ikasema mradi mpya lazima ulete faida ya zaidi ya asilimia 8.5 ndo ukubaliwe. Mimi hilo nalihesabu kama alama nzuri kwao. E.ON yenyewe haina stori ya kusisimua, na hiyo ndo stori yake. Mwenye nyaya analipwa kwa kiwango kinachojulikana juu ya kila anachojenga, kiwango kinachopangwa na mdhibiti, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia bei, umeme ukitoka kwenye upepo au gesi unapita kwake tu, magari ya umeme yakiongezeka inabidi aongeze transfoma na bado analipwa. Anakopa sana, hilo ni kweli na usilipuuze, lakini deni lake lina mapato yanayokaribia uhakika upande wa pili, na riba ikipanda mdhibiti baada ya muda anapandisha kile kiwango. Neno ni "baada ya muda", kuna miaka ya katikati inayouma.

Ila nyaya nazo zina adui. PG&E ya California ilikuwa kampuni ya aina hiyo hiyo, gawio la kila robo mwaka, wazee wakiweka akiba zao humo. Novemba 2018 waya wake ulianzisha moto uliochoma mji wa Paradise na kuua watu 85, na Januari 2019 ikaomba kinga ya mahakama ikikadiria madai ya kama dola bilioni 30. Ukame na joto, nyaya zilizozeeka, basi. Hali ya hewa ilifika kwenye vitabu vya hesabu kabla sera haijafika. Mark Carney alipokuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza alilisema mwaka 2015, kwamba hatari za tabianchi kwa fedha ni tatu: maafa yenyewe, kesi za fidia, na kuhama kwenyewe. PG&E ilipigwa na mbili za kwanza kwa pamoja.

Na serikali iko wapi?

Kifupi tu hapa. Uniper, ile sehemu ambayo E.ON iliikata mwaka 2016 iende na makaa na gesi, kwa miaka kadhaa ilionekana ndo mtoto aliyefanikiwa, mpaka gesi ya Urusi ilipokatika 2022 na ikamaliza mwaka na hasara ya kama euro bilioni 19, serikali ya Ujerumani ikachukua karibu asilimia 99. Umeme haukukatika, wafanyakazi walibaki, lakini mwenye hisa wa zamani alibaki na vumbi. Eskom ya Afrika Kusini, sehemu kubwa ya umeme wake ni wa makaa, mwaka 2023 serikali ilitangaza kuibebea randi bilioni 254 kwenye deni la kama bilioni 423. Denmark inashika asilimia 50.1 ya Ørsted na ilitoa sehemu yake kwenye ile nyongeza ya mtaji. Kwa hiyo mkono wa serikali unamlinda mkopeshaji na mteja, mwenye hisa ndo anakuwa wa mwisho kwenye foleni. Ukinunua hati fungani ya kampuni ya namna hii ni kitu kimoja, ukinunua hisa ni kitu kingine kabisa, usivichanganye.

Uchague vipi

Ikiwa hela yako unaihitaji ndani ya miaka mitatu minne, au unaishi kwa gawio, mimi ningeangalia nyaya kwanza, kampuni ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake yanapangwa na mdhibiti, na ningesoma sehemu ya moto, mafuriko na dhoruba kwenye ripoti yake kabla ya kusoma sehemu ya faida.

Ikiwa una miaka kumi na zaidi na moyo unastahimili kuona nusu ya thamani ikipotea njiani, kampuni za upepo na sola zilizoshuka zina nafasi, lakini ile iliyofunga bei pande zote mbili, ya kuuza na ya kukopa, kabla ya kuanza kujenga. Isiyofunga pande zote inacheza kamari hata kama inajiita ya kijani.

Mafuta ni ya mtu anayejua anaingia kwenye bembea. Chagua mwenye deni dogo na anayeweza kukata bajeti ndani ya miezi, na ukae mbali na anayebadilisha mwelekeo kila akija mkurugenzi mpya. Makaa, kama ni kwa ajili ya usalama, mimi siweki.

Na kama wewe ni mfanyakazi unachagua uajiriwe wapi, swali lako la kwanza liwe pensheni na bima ya matibabu viko chini ya kampuni gani hasa kisheria, mama au ile iliyokatwa. Wastaafu wa Patriot hawakujua mpaka barua zilipofika.

Kuna ukurasa mmoja ambao naufungua kabla ya mwingine wowote kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni ya nishati, upo nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu, unaonyesha deni kiasi gani linaiva mwaka huu, mwakani, na miaka inayofuata. Weka kidole kwenye mwaka wenye namba kubwa kuliko zote. Halafu rudi mbele uone kampuni inategemea kupata wapi hela ya mwaka huo: keshi ya biashara yake, mnunuzi ambaye bado hajapatikana, au mkopo mwingine.